Swali Liandikwe Kabongo

Mhadhara kuhusu ruzuku za utafiti wa afya kwa vifaa vya kuvaliwa mwilini, kwa wauguzi, reko (wahudumu wa afya wa jamii), wanafunzi wa afya na wazazi wa Kabongo



Fedha za utafiti hufuata swali. Aliyeandika swali ndiye anayeamua nani atavalishwa saa, nani atalipwa mshahara, taarifa zitalala wapi na mradi utakwisha lini. Wengine wote kazi yao ni kujibu. Sisi wa Kabongo tumekuwa watu wa kujibu. Tumehesabiwa, tumetolewa damu, tumeulizwa idadi ya vyandarua na idadi ya watoto, na kila mara karatasi ya maswali ilikuja ikiwa imekwisha kupigwa chapa mahali pengine. Sasa wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya wanatoa fedha kwa ajili ya vifaa vya kuvaliwa: saa janja, bangili, viraka vya kubandikwa mwilini. Fedha hizo zimekwisha kufika Nairobi, Siaya na Mbarara. Zinaweza kufika mkoa wetu wa Haut-Lomami pia. Nataka siku zitakapofika zikute swali letu limekwisha kuandikwa, na ninalo moja la kuwapendekezea. Ni swali la watoto wetu wa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu.

Kabla ya hapo tukitazame kifaa chenyewe kwa karibu, maana kinasifiwa sana na watu ambao hawajakigeuza kuona mgongo wake. Igeuze saa janja. Utaona kioo kidogo, na nyuma ya kioo taa za kijani zinazomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu hujaa kwenye mishipa ya kifundo cha mkono na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo damu hupungua na mwanga huongezeka. Kijicho kilicho kando ya taa husoma kupanda na kushuka huko mara nyingi kwa kila sekunde, na humo ndimo yanamopatikana mapigo ya moyo. Ndani kuna kipande kingine kidogo sana kinachohisi mkono unavyosogea, juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Saa nyingine huwa na taa nyekundu pamoja na mwanga usioonekana kwa macho, ili kukadiria oksijeni iliyomo katika damu. Yaliyobaki, saa za usingizi, uchovu, msongo wa mawazo, ni makadirio ya programu, yamejengwa juu ya mwanga na mwendo, na programu hiyo ilifundishwa kwa miili ya watu fulani wenye maisha fulani. Mama anayetwanga muhogo hutikisa mkono kwa nguvu muda mrefu huku miguu imesimama pale pale. Mkanda ukilegea kwa jasho, mwanga huvuja na mapigo yanayosomwa huharibika. Mtafiti aliyeizoea saa hiyo kwa watu wa ofisini anaweza kutusoma vibaya kabisa bila kujua.

Hata hivyo sikidharau kifaa hiki. Muuguzi wa kituo humwona mgonjwa dakika chache, kisha mgonjwa anarudi kijijini na hakuna anayejua usiku wake ulikwendaje. Saa hukaa naye usiku kucha, wiki baada ya wiki. Homa iliyopanda saa nane za usiku, moyo uliokimbia bila sababu, mtoto aliyelala siku nzima wakati wenzake wanacheza: mambo hayo hatujawahi kuwa na njia ya kuyaandika. Kwa zoni ya afya ambayo vijiji vyake viko mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka hospitali, hilo si jambo dogo.

Tuone basi nani amekwisha kuuliza nini. Mwaka 2015 jarida la Current Biology lilichapa utafiti ambao Wahadza wa Tanzania, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia walivalishwa vifaa vya mkononi ili kujua wanalala kiasi gani mahali pasipo na umeme. Jibu lilikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, muda usiozidi wa watu wa mijini. Ni sayansi nzuri, nami nimeisoma kwa furaha. Lakini swali lake lilizaliwa katika miji ya watu wanaolalamika kwamba umeme umewaibia usingizi. Mhadza alitoa mkono wake kulijibu.

Nchini Kamerun waliuliza jambo lililo karibu zaidi nasi. Katika utafiti uliochapwa mwaka 2012, wagonjwa wa malale walivalishwa kifaa cha kupima mwendo, kwa sababu malale huvuruga mpangilio wa kulala na kuamka, na watafiti walitaka kuona kama kifaa cha mkononi kinaweza kusaidia kumfuatilia mgonjwa anayetibiwa, ili asichomwe sindano ya uti wa mgongo kila mara. Kongo ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi wa malale kuliko zote duniani, na majirani zetu wa Mbuji-Mayi, katika hospitali ya Dipumba, wamefanya majaribio makubwa ya dawa zake. Swali lile lingeweza kuandikwa kwetu.

Wajerumani kupitia mfuko wao wa taifa wa utafiti wamefadhili kazi ya Nouna, Burkina Faso, na Siaya, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, ambako wakulima huvaa saa ili ijulikane joto kali linafanya nini kwa mwili unaolima. Nairobi, katika hospitali ya Pumwani na ile ya Aga Khan, watoto wachanga wamebandikwa vifaa vidogo vya kufuatilia pumzi na mapigo kwa fedha za Wakfu wa Gates. Chuo Kikuu cha Aga Khan, pamoja na Chuo Kikuu cha Michigan, kinaendesha mradi wa UZIMA-DS, ambao mmoja wa viongozi wake ni Profesa Amina Abubakar wa Kenya. Huko wahudumu wa afya wenyewe ndio wanaovaa saa, kwa sababu mradi unachunguza afya ya akili ya watu wanaowatibu wengine. Nataka wauguzi waliomo humu walisikie hilo vizuri.

Lakini mradi ninaoupenda kuliko yote uko Mbarara, magharibi mwa Uganda. Wodi ya mama waliojifungua kwa upasuaji inajulikana ilivyo, na mliofanya zamu za usiku hapa mnaijua zaidi yangu. Mkunga mmoja, vitanda vingi, mashine ya presha inayohama kutoka kitanda hadi kitanda. Mama aliyepasuliwa jioni anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani usiku, na dalili ya kwanza ni mapigo yanayopanda taratibu, ambayo hakuna aliyeyahesabu tangu saa mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakishirikiana na hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, walibuni utafiti wa kuwafunga mama hao kifaa kwenye mkono wa juu, karibu na bega. Kifaa hupima mapigo, pumzi, joto na oksijeni, na hali ikigeuka hutuma onyo kwenye simu ya mhudumu. Swali hilo lilitoka ndani ya wodi, kwa watu waliokwisha kushuhudia mama akifa kwa sababu hakuna aliyemtazama kwa saa tatu. Kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikadiria vifo vya uzazi 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa kusoma namba hiyo tu, kila mmoja wenu angeweza kuandika swali la Mbarara.

Kwa nini halikuandikwa hapa? Akili tunazo. Sababu imo katika jinsi fedha zenyewe zinavyosafiri, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa hesabu za ruzuku huchosha na wengi huzikimbia.

Mfadhili mkubwa kuliko wote wa utafiti wa afya duniani ni NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Oktoba 2021 NIH ilitangaza dola milioni 74.5 kwa miaka mitano kwa ajili ya sayansi ya taarifa za afya barani Afrika, na UZIMA-DS ni mtoto wa fedha hizo. Ili kuomba, taasisi lazima iandikishwe katika mifumo ya serikali ya Marekani, kwa Kiingereza, na uandikishaji huo huchukua wiki nyingi na huisha muda usipouhuisha kila mwaka. Lazima iwe na mhasibu anayeweza kukaguliwa. Lazima iwe na kamati ya maadili inayotambuliwa. Hospitali ya wilaya isiyo na mambo hayo ilijishikiza chini ya chuo cha nje: chuo kilipokea ruzuku, hospitali ilipokea kipande. Na kipande hicho hakikulingana. Kwa miaka mingi chuo cha Marekani kimeruhusiwa kudai gharama za uendeshaji, yaani umeme, majengo, makarani, ambazo mara nyingi hupita asilimia 50 ya gharama za moja kwa moja, huku taasisi iliyo nje ya Marekani ikiruhusiwa asilimia 8. Jengo la Michigan lenye umeme saa zote lilipata fedha za umeme. Jengo la kwetu linaloutafuta umeme lilipata asilimia 8. Nasema wazi kwamba hilo si haki, na kila anayeingia katika ushirikiano wa namna hiyo alitaje mezani kabla ya kusaini.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 1 Mei NIH ilitangaza kwamba inasimamisha kutoa fedha mpya kwa mtindo ule wa kipande kilicho chini ya chuo cha Marekani, hadi itengeneze utaratibu mwingine. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo USAID, iliyoanza kuugharimia mpango wa SANRU wa afya vijijini mwaka 1981 na baadaye PROSANI iliyofika mkoa wetu wa Haut-Lomami, ilikoma kuwa shirika linalotoa misaada. Vituo vilivyozoea dawa, mafuta ya pikipiki na posho kutoka upande huo mnavijua. Katika hali hii kishawishi ni kukubali kila anayekuja na sanduku la saa. Mimi naona kinyume chake. Wafadhili waliobaki wanatafuta mahali penye swali lililokomaa, na wapo wanaoanza na fedha ndogo. Kuanzia mwaka 2008, kwa miaka mingi, Wakfu wa Gates ulitoa ruzuku za mwanzo za dola 100,000 kwa maombi ya kurasa mbili, bila kudai matokeo ya awali. Kurasa mbili zinaandikika Kabongo. Kwa ile kazi ya uhasibu na uandikishaji tunacho Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako timu ya Célestin Banza, pamoja na chuo cha Leuven cha Ubelgiji, ilipima madini katika mikojo ya watu wa Katanga na kuchapa matokeo mwaka 2009: kobalti nyingi mno katika miili ya wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Swali lile lilikuwa la watu wa Katanga. Ndiyo maana bado linatajwa.

Sasa nifike kwa watoto wa SS.

Hapa hakuna ambaye hana mtoto huyo katika ukoo. Macho ya manjano, tumbo lililojaa bandama, vidole vilivyovimba akiwa bado ananyonya, na yale maumivu ya mifupa yanayomfanya alie mpaka sauti ikauke. Zamani tulisema amerogwa, na wapo wanaosema hivyo hadi leo, na mama wengi wameachwa na waume zao kwa neno hilo. Profesa Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa, na matokeo yakachapwa mwaka 2009: asilimia 1.4 walikuwa SS, na asilimia 16.9 walikuwa wabebaji wa AS. Kwa wodi ya uzazi inayozalisha watoto elfu moja kwa mwaka, kiwango hicho kina maana ya watoto kama 14 kila mwaka. Wako wapi? Wengi hufa kabla ya miaka mitano kwa jina la malaria au upungufu wa damu, na daftari haliandiki SS kwa sababu hawakupimwa.

Na hapo hapo pana mfano wa Kongo ikiongoza. Jaribio lililoitwa REACH lilifanyika Kinshasa, katika hospitali ya Monkole, na pia Luanda, Kilifi na Mbale. Watoto 606 wa SS walipewa dawa ya hydroxyurea. Jina la kwanza katika makala iliyotoka kwenye New England Journal of Medicine ni la Tshilolo. Vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya mgonjwa. Malaria ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Kabla ya hapo wapo walioogopa kwamba dawa hiyo ingewazidishia watoto wa Afrika malaria; waliokwenda kuuliza kwa watoto wenyewe walikuta vingine.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kimejaribu kuwavalisha saa janja wagonjwa wa ugonjwa huu waliolazwa, ili kuona kama mapigo na mwendo vinaweza kuonyesha maumivu yao yako kiwango gani. Mgonjwa wa huko ana hospitali karibu na gari nyumbani. Mtoto wa kwetu Kayamba hubebwa kwenye baiskeli, barabara ikiwa matope, na kila saa inayopita chembe za damu zilizopinda zinaendelea kuziba mishipa. Kwa hiyo sisi tuna haja kubwa kuliko wao ya kujua mapema. Swali letu ningeliandika hivi: je, bangili kwenye mkono wa mtoto wa SS anayeishi mbali na hospitali inaweza kumwonya mama yake siku moja kabla ya maumivu makali, na onyo hilo likimfikia, je, mtoto anafika kituoni mapema na kuokoka?

Tazameni sehemu ya pili ya swali hilo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Kifaa kikilia na asiwepo wa kuitika, tumemwongezea mama hofu tu. Maombi yetu lazima yataje hydroxyurea kwa kila mtoto aliyemo katika utafiti, na nani ataendelea kuinunua mradi ukiisha. Yataje dawa ya maumivu yenye nguvu katika kituo, damu salama hospitalini na pikipiki yenye mafuta. Yataje posho ya reko atakayeamshwa saa tisa za usiku. Mfadhili akisema hayo ni matibabu na yeye anagharimia utafiti, ajibiwe kwa heshima kwamba kupima maumivu ya mtoto pasipo kuwa na cha kumpa, wazazi wa Kabongo hawakubali.

Yataje pia vipimo. Maabara zetu nyingi hutumia kipimo cha Emmel, ambacho huonyesha kwamba chembe zinapinda lakini hakimtenganishi mwenye SS na mwenye AS. Tukiwavalisha bangili watoto wa AS kwa kudhani ni SS, utafiti wote umeharibika. Vipo vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyowatenganisha, na ni mstari mmoja tu wa bajeti.

Kuhusu ngozi nisimame kidogo. Desemba 2020, jarida lile lile la New England lilichapa barua ya watafiti wa Michigan kuhusu oksimeta, kile kifaa cha kubana kidoleni. Kati ya wagonjwa ambao oksimeta ilisema oksijeni yao ni nzuri, kipimo cha damu yenyewe kilionyesha upungufu uliofichika katika asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi na asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe. Weusi wa ngozi hunyonya mwanga, na mitambo ilisahihishwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Kwa mapigo ya moyo matokeo ni nafuu zaidi. Wapo waliolinganisha saa kadhaa kwenye rangi mbalimbali za ngozi na wakaona tofauti kubwa inatokana na aina ya saa na mwendo wa mkono. Lakini oksijeni ndiyo tunayoihitaji kwa mtoto wa SS, na damu yake yenyewe huifanya oksimeta ikosee zaidi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa mradi wowote uwe wa kukilinganisha kifaa na kipimo cha damu, kwa watoto wetu, katika hospitali yetu. Mtengenezaji akileta karatasi ya usahihi iliyopatikana kwingine, tuipokee, kisha tupime.

Umeme nao una mstari wake. Karibu mtu mmoja tu kati ya watano nchini anapata umeme, na vijijini ni wachache mno. Saa inayotaka kuchajiwa kila jioni haifai kijiji ambacho simu hupelekwa kwa mwenye paneli na kulipiwa. Watu wa Nouna walitumia saa ya Withings ambayo betri yake yaweza kukaa hadi siku 20, na huo ndio uchaguzi wa mtu aliyefika kijijini kabla ya kuandika bajeti. Bangili isiyo na kioo cha rangi, yenye betri ya wiki tatu, inayohifadhi taarifa ndani yake mpaka reko apite na simu yake, itatufaa kuliko saa ya bei mara tano. Na betri hizo ndogo kwa kawaida huwa na kobalti. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, jirani zetu wa Lualaba wakiichimba. Nalitaja hilo ili tusiingie kwenye mazungumzo ya ruzuku kama watu wanaoomba kitu kisichowahusu.

Nimeulizwa kwa nini sipendekezi saa kwa ajili ya surua, polio au kipindupindu. Kwa sababu magonjwa hayo hayangoji saa. Mwaka 2017 polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyogeuka ilizuka katika mkoa huu wa Haut-Lomami, kwa kuwa watoto wengi walikuwa hawajapata chanjo. Mwaka 2019 surua iliua maelfu ya watoto nchini. Kipindupindu huzunguka kila mwaka kwenye maziwa ya Upemba, upande wa Bukama na Kinkondja. Majibu ya hayo tunayajua: chanjo, barafu ya kuihifadhi, maji safi. Atakayekuja kuomba ruzuku ya bangili kwa kipindupindu anatafuta fedha, na watu wa zoni wana haki ya kumwambia hapana.

Limebaki suala la taarifa zenyewe. Wengi wenu mmesikia habari za lukasa, ule ubao wa mti wa Waluba wenye shanga na michoro, ambao mtu wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha kulia huku akisimulia wafalme, safari na mipaka ya nchi. Mojawapo ya mbao hizo imo katika makumbusho ya Brooklyn, New York. Imetunzwa vizuri nyuma ya kioo. Shanga zipo, lakini waliofundishwa kuisoma hawako huko. Taarifa za miili ya watoto wetu zikienda kulala katika seva ya mbali bila mtu wa Kabongo aliyefundishwa kuzisoma, zitakuwa vivyo hivyo: zipo, zimetunzwa, na kwetu ni kimya. Kwa hiyo maombi yataje vijana wawili au watatu wa hapa watakaosomeshwa kuchambua taarifa hizo, wapelekwe Lubumbashi au Kamina, warudi. Sheria iko upande wetu: Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, na taarifa za afya ni za kulindwa kuliko zote. Idhini ya mzazi isomwe kwa Kiluba na kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti. Imtaje atakayeziona taarifa, na imwambie mama kwamba akivua bangili ya mtoto kesho, dawa haitakatwa.

Naja kwenye kazi ambayo haihitaji kumngoja mfadhili yeyote. Kila anayesoma maombi ya ruzuku huuliza kwanza: ni watoto wangapi, wanaumwa mara ngapi, wanafika vipi? Hatuna jibu, na jibu lake linapatikana kwa daftari la mistari na kalamu. Napendekeza kila kituo cha afya kifungue rejista ya SS. Safu ya kwanza iwe namba ya mtoto, na jina libaki katika karatasi nyingine inayofungiwa kabatini. Zifuate mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na muda wa kutoka huko hadi kituoni kwa njia waliyotumia, kipimo kilichofanywa na jibu lake, tarehe na saa maumivu yalipoanza nyumbani, kwa maneno ya mama, tarehe na saa alipofika, alichopewa, kama aliongezewa damu, na alivyotoka. Pawe na safu moja pana ya yale mama aliyoyaona siku iliyotangulia: alikataa kula bukari, alilala mchana, alikunywa maji kidogo, alicheza mvuani. Safu hiyo msiipuuze, kwa kuwa mama hao wamekuwa wakiyatabiri maumivu haya miaka yote bila kifaa, na bangili itabidi ilinganishwe nao.

Tukiijaza mwaka mmoja, kiangazi na masika, vituo vya Kabongo, Kitenge na Kayamba vitakuwa na kurasa ambazo hakuna chuo cha nje kilicho nazo. Kabla hatujatoka humu, naomba kila kituo kimtaje muuguzi atakayeshika rejista na wa pili atakayeishika mwenzake akisafiri. Wazazi wa watoto wa SS nao wachague wawili wao, mama mmoja na baba mmoja, watakaokaa mezani tutakapoandika zile kurasa mbili.